Kaka Yangu Harm Bolhuis, Mtu wa Kinu Asiyeuamini Upepo

Mchungaji, jamaa, majirani, na nyote mliopanda kilima hiki cha kanisa kwa matope ya Novemba, familia imenipa mimi, Hilje, dada wa marehemu na kitindamimba wa mzee Berend Bolhuis, kazi ya kuwasomea maisha yake, nami nimekubali kwa sababu hakuna mwingine aliyebaki anayeyajua yote, ingawa nimechoka, nimechoka kwa kumuuguza, na nimechoka zaidi kwa miaka yote niliyosikiliza habari za upepo asubuhi na jioni, kwa hiyo mkiona nimekaa kidogo katikati ya kusoma, mnivumilie.

Harm alizaliwa tarehe 14 Machi 1944 hapa Oldehorn, mkoa wa Groningen, katika nyumba ya mtunza kinu, akiwa mtoto wa kwanza wa mzee Berend na mama Geesje, na wanaosema kwamba alizaliwa ndani ya kinu chenyewe wanatia chumvi, ila ni kweli kwamba nyumba ilikuwa jirani mno na kinu hata mabawa yakizunguka vikombe vilicheza kabatini. Kinu hicho, ambacho babu yetu alikipa jina la Subira, ndicho kilichokuwa kikiyavuta maji ya mashamba haya na kuyapandisha mferejini, kwa kuwa mashamba yetu yako chini kuliko bahari na maji hayatoki bila kusukumwa, na baba alikuwa mtumishi wa kinu hicho, alale au asilale, upepo ukija anaamka.

Mwaka 1954, Harm akiwa na miaka kumi na mimi mitano, mvua ya Oktoba ilinyesha bila kukoma na upepo ukagoma kabisa, Subira ikasimama mikono mitupu, maji yakapanda shambani mpaka viazi vikaozea ardhini, na baba alikuwa akitoka kila baada ya muda kulowesha kidole na kukiinua juu, kisha akirudi ndani. Majirani walipita kumwuliza, "Berend, vipi?" naye akawajibu, "Muulizeni upepo mwenyewe, mimi simwoni." Nawaeleza hili mapema kwa sababu baadhi yenu mlidhani kaka yangu alizaliwa mkaidi, kumbe alimwona baba yake akidharauliwa na upepo mbele ya kijiji kizima, na mtoto akiona hivyo hasahau.

Masomo ya msingi aliyapata katika shule ya hapa Oldehorn kuanzia mwaka 1950 hadi 1956, ambapo mwalimu aliandika kwamba anajua hesabu lakini anabishana nazo, kisha akaenda shule ya ufundi Appingedam hadi mwaka 1960. Mwaka uleule wa 1956 alipomaliza shule ya msingi, mamlaka ya maji ilileta pampu ya umeme, na siku ilipowashwa baba alifunga breki ya Subira, akavua kofia, akasema, "Haya, mzee, pumzika," na mama akalia kwa furaha, kwa kuwa kuanzia siku hiyo mumewe angelala kama watu wengine.

Kazi aliianza tarehe 1 Aprili 1963, baada ya jeshi la lazima, katika mamlaka hiyohiyo ya maji, akiwa fundi wa pampu, akaitumikia hadi alipostaafu mwaka 2006, na katika miaka hiyo yote mashamba ya Oldehorn hayakulowa kupita kiasi, ingawa yeye mwenyewe alikiri kwamba kuna mara mbili ilikuwa bahati tu. Kando ya kazi aliichukua Subira kama mtunzaji wa kujitolea, akaipaka lami, akaibadilishia mbao, akaizungusha Jumamosi kwa ajili ya wageni, na mtu alipomuuliza inakuwaje anayekipenda kinu hamwamini upepo, alijibu, "Na wewe unampenda mbwa wako, utamwachia nyama mezani?"

Tarehe 22 Mei 1970, katika kanisa hili hili, alifunga ndoa na Aaltje Clevering wa kijiji cha pili, mwanamke mpole aliyejua kumnyamazisha kwa kumwongezea supu ya haradali, na Mungu akawajalia mtoto mmoja, Trientje, aliyezaliwa tarehe 3 Julai 1973, ambaye yuko nasi hapa mbele na mumewe kutoka Zwolle. Shahidi wa ndoa alikuwa Luitje Dijkema, jirani yetu wa upande wa mashariki, aliyekua na Harm kama pacha, wakaiba matufaha pamoja, wakachapwa pamoja, na kwa desturi ya hapa kwetu, ambayo vijana mnaanza kuisahau, Luitje ndiye jirani wa kwanza wa nyumba ya Bolhuis, mwenye wajibu wa kupeleka habari tukifiwa, kubeba jeneza letu, na kulisimamisha bawa la Subira kwenye alama ya msiba, maana aliyefiwa hashiki kamba ya kinu.

Sasa nafika kwenye upepo, na mtaniwia radhi, sina njia ya kuuzunguka. Mwaka 2009 walikuja watu wa kampuni fulani na ramani zao, wakitaka kusimamisha mitambo ya kufua umeme kwa upepo kwenye mashamba ya Harm na ya Luitje, ukaitishwa mkutano katika ukumbi wa kijiji, kahawa ikanywewa mpaka ikaisha, na Harm akasimama, akasema maneno ambayo wengine wenu bado mnayarudia mkilewa. "Huyu upepo mimi namjua," alisema, "nimelala naye ukuta kwa ukuta. Ukimhitaji hayupo, usipomhitaji anakung'olea vigae. Mnataka kumwajiri? Haya, mwajirini, lakini itabidi mwajiri na wa kumshikia zamu siku asipokuja kazini, na wote wawili watataka mshahara, na mshahara wenyewe utatoka kwenye bili zetu sisi tuliokaa hapa." Kijana wa kampuni akatabasamu, akamwambia, "Mzee, upepo ni bure." Harm akamjibu, "Hata mvua ni bure, mwanangu, na kila mwaka natozwa kodi ya kuitoa shambani," na ukumbi ukacheka hata mwenyekiti akagonga meza bila kuzuia cheko lake mwenyewe.

Luitje hakucheka, aliinuka akasema, "Harm, wewe unakula pensheni, mimi nina ng'ombe na bei ya maziwa mnaijua," akatia saini ya mitambo miwili, na Harm akakataa hata mmoja. Mitambo ilisimama mwezi Septemba 2010, na kaka yangu akaiita mapangaboi ya Luitje, jina ambalo limeshika mpaka leo, hata mpeleka barua analitumia.

Nisiwafiche, Harm hakuwa mtu wa kupatia kila mara, alisema mitambo ile ingezama kwenye udongo kabla ya miaka mitano na bado imesimama wima, alisema kondoo wa Luitje wangeharibu mimba kwa sababu ya kivuli na kondoo wakazaa mapacha chini ya kivuli hichohicho, na mwaka 2012 ardhi yetu ilipotikisika kwa sababu ya gesi inayochimbwa chini ya miguu yetu, ukuta wake wa nyuma ukapasuka kutoka paa hadi msingi. Luitje alikuja, akautazama ule ufa, akasema, "Upepo wangu haujawahi kumpasulia mtu nyumba," na kaka yangu, ambaye hakuzoea kushindwa, akasema, "Hapo umenipata," wakaleta magogo, wakautegemeza ukuta pamoja, magogo ambayo yapo hadi leo. Mimi binafsi bili yangu ya umeme hupanda upepo ukivuma na hupanda upepo ukitulia, kwa hiyo sijawahi kujua nimshangilie nani.

Lakini nataka mjue kwamba miaka ile ya kubishana ilikuwa miaka yao mizuri, kwa sababu kila wiki ya ukungu, mapangaboi yakiwa yamekufa ganzi, Harm alikuwa anakwenda kwenye uzio na kikombe chake cha kahawa kupiga kelele, "Jirani, leo unauza nini?" Luitje akiwa zizini alimjibu, "Leo nauza subira, nikupimie kilo ngapi?" Na siku ya dhoruba, mitambo ikivuma kama nyuki, zamu ilikuwa ya Luitje, "Harm, njoo uchukue umeme, unamwagika huku!" naye Harm, "Nitauweka wapi, ndani ya kofia?" Aaltje alifungua dirisha akawaambia wote wawili, "Kahawa inapoa, wapumbavu nyie," wakaja wakanywa, na mimi niliyekuwa nikiona hayo nilidhani yangeendelea mpaka tufe.

Aaltje alifariki tarehe 11 Februari 2014, akazikwa tarehe 17 katika makaburi haya, na Luitje, jirani wa kwanza, alifanya kila kilichompasa, alipeleka habari nyumba kwa nyumba, akabeba, na asubuhi ile akaenda kuisimamisha Subira. Kwa msiohusika na vinu, mabawa yetu yana lugha yao, bawa la chini likisimama kabla halijafika chini kabisa, ni furaha, kuna harusi au mtoto, na likisimama mara tu baada ya kupita chini, ni msiba, na kwa sisi wa upande huu wa kanisa tunaokitazama kinu usoni, la furaha huonekana limeegemea kushoto na la msiba kulia. Tulipolitoa jeneza la Aaltje mlangoni, Harm aliinua macho, na bawa lilikuwa limeegemea kushoto, kinu kilikuwa kimesimama kama siku ya harusi.

Baada ya kahawa alimfuata Luitje penye makoti, akamwuliza, "Umefurahi?" Luitje akasema, "Nimefurahi nini, Harm?" akamwambia, "Nenda kaangalie kinu ulichokisimamisha," na Luitje, aliyekuwa amelia mchana kutwa, akajibu kwa hasira, "Nimekisimamisha kama ninavyokiona tangu utotoni. Hili si suala la kinu, hili ni la mapangaboi, sema tu." Harm akavaa koti lake akaondoka, na kuanzia siku hiyo hakuna aliyekwenda kwenye uzio, hakuna aliyeuliza nini kinauzwa, miaka tisa na zaidi, nyumba mbili zinatazamana, na mimi katikati nikibeba salamu ambazo hakuna aliyezituma. Inachosha, ndugu zangu, inachosha kuliko kufua.

Kuugua kwake kulianza mwaka 2020, mapafu yalianza kukataa kazi, akalazwa mara tatu katika hospitali ya mjini Groningen, akarudishwa nyumbani mwezi Mei mwaka huu, na mimi nikahamia kwake. Kitanda tulikiweka dirishani, yeye akitazama mashariki, na kila asubuhi kabla ya chai aliniuliza, "Yanazunguka?" Nikimwambia yamelala, alitabasamu, akasema, "Si nilisema," nikimwambia yanazunguka, alisema, "Ngoja utaona." Siku moja pumzi ilipomkatika alinishika mkono, na ilipomrudia akasema, "Hilje, hata huu upepo wangu mwenyewe siku hizi hautegemeki," nikacheka, halafu nikaenda jikoni nikalia. Siku hiyohiyo aliniagiza, mbele ya Trientje, kwamba akifa Luitje asimbebe na asikiguse kinu, na ninyi mnaojua desturi mnaelewa maana yake, kumnyima jirani wa kwanza kulibeba jeneza ni kumtoa kijijini akiwa hai.

Basi, Jumatatu ya tarehe 6 Novemba nilikwenda kwa Luitje kuchukua supu, kwa kuwa mkewe, Siepie, hakuwahi kuacha kumpikia Harm, magomvi au yasiwe magomvi, nikawa nimesimama uani kwao na sufuria ya moto mikononi, nikatazama Subira, ambayo Harm hakuweza tena kuipanda na sasa inatunzwa na mama mmoja wa chama cha vinu, nikaona bawa limeegemea kushoto. Nikauliza, "Leo nani anaoa?" Luitje akanishangaa, "Anaoa nani? Mwalimu wa zamani kafariki, huoni kinu kiko msibani?" Nikamwambia, "Msiba ni kulia, Luitje," akasema, "Kulia kwa nani? Mimi nina miaka sabini na tisa nakiona msibani hivi hivi, kushoto." Sufuria ilikuwa inaniunguza lakini sikuisikia, nilikwenda nayo mpaka barabarani, nikakizunguka kinu mpaka upande wa kanisa, na bawa lilelile, bila kuguswa na mtu, likawa limeegemea kulia.

Luitje anakaa nyuma ya kinu, ndugu zangu, amekiona mgongo maisha yake yote. Nilirudi nikamwuliza siku ya Aaltje alikuwa amesimama wapi, akasema, "Nilikwenda mbele. Mimi huwa siendi mbele, lakini ya Aaltje nilitaka nikione vizuri, nisikosee," na aliposema hivyo akajishika mdomo, akakaa chini kwenye ndoo ya maziwa, mzee mzima, akawa anatikisa kichwa tu.

Nilimpelekea Harm supu na habari kwa pamoja, alisikiliza macho yakiwa dirishani, kisha akauliza, "Yanazunguka?" nikasema, "Yamelala," na kwa mara ya kwanza hakusema, "Si nilisema." Baadaye, nikimfuta mdomo, akaniambia, "Mwambie safari hii asimame nyuma." Nikamuuliza, "Na kubeba?" Akasema, "Sasa kinu akisimamishe, halafu akakae na wageni? Abebe." Nikamwambia amwite, amwambie mwenyewe, akakubali, nami nikavuka uzio siku hiyohiyo, na Luitje akasema, "Nitakuja Jumamosi, acha nimalize kung'oa viazi-sukari, na nioge, siwezi kwenda kwake baada ya miaka tisa nanuka hivi."

Harm alifariki Alhamisi, tarehe 9 Novemba 2023, asubuhi, akiwa na umri wa miaka sabini na tisa, mimi na Trientje tukiwa pembeni yake. Luitje alikuja baada ya saa moja akiwa amevaa suti, kwa sababu ndio wajibu wa jirani wa kwanza, na akakaa kando ya kitanda na kofia magotini, na neno alilokuwa amelitayarisha kwa Jumamosi hakumwambia mtu.

Familia inawashukuru kwa dhati Daktari Wubbena na wauguzi wa nyumbani, waliopanda ngazi zile nyembamba bila kulalamika, madaktari wa hospitali ya Groningen, wafanyakazi wenzake wa zamani wa mamlaka ya maji, ambao nawaona pale nyuma na makoti yao ya kazi kama alivyopenda, chama cha vinu, mchungaji wetu, Siepie kwa supu, na majirani wanane walioingiza jeneza hili, akiwemo Luitje Dijkema mbele kushoto. Subira iko msibani, mmeiona mlipoingia, imeegemea kulia, mimi mwenyewe nimekwenda kuikagua pande zote mbili. Luitje aliahidi pia kuyasimamisha mapangaboi yake kwa simu tangu saa ya ibada mpaka mwisho wa kahawa, ingawa mashine ya mabawa matatu haijui kuomboleza, nasi tunamshukuru, ila tuseme kweli mbele ya jeneza, tangu wiki iliyopita hakuna upepo hata wa kuzima mshumaa, yamesimama yenyewe, na nina hakika marehemu ameliona hilo kabla yetu. Chekeni tu, angependa mcheke.

Karatasi yangu inaishia hapa, nilitakiwa niseme neno la mwisho na kushuka. Lakini nasikia kamba ya bendera inagonga mlingoti huko nje, nanyi mnasikia, na mlio kwenye madirisha ya mashariki mmeshaanza kugeuza shingo, na mimi kutoka hapa juu naona vizuri, lile pangaboi la kwanza limeanza kusogea, na la pili. Upepo umekuja. Wiki nzima tulimngoja aanike mashuka ya mgonjwa, amekuja leo, saa hii, katikati ya historia ya Harm. Kaka yangu, huyu upepo ulimjua kweli.

Luitje, kaa, usijisumbue, Harm mwenyewe angesema yaacheni yazunguke, umeme huo ni wako. Unatafuta nini mfukoni? Simu? Trientje, msaidie. Sema kwa sauti, Luitje, tusikie.

Anasema, "Nayazima. Niliahidi."

Haya. Tungojeni kidogo, ndugu zangu, hayasimami mara moja, ni makubwa. La kwanza linapunguza. La pili pia. Kamba bado inagonga, upepo upo, unapita tu bila kushikwa na mtu.

Harm, kaka yangu, yamesimama, na mara hii si kwa kukosa upepo. Lala salama sasa, jirani yako amefika.